Usiku Sita Ndani ya Karavani: Msimbati, Mikindani, Lindi na Kilwa

Wiki ya Nane Nane ya mwaka 2025 tulikodi karavani mjini Mtwara kwa usiku sita, tukiwa watu watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na mama mkwe wangu aliyezaliwa na kukulia Mikindani kabla ya kuolewa Newala. Naandika tathmini hii kwa sababu huduma ya namna hii bado ni ngeni huku kusini, na kwa sababu ndugu na majirani wasiopungua watatu wameshaniuliza kama fedha yetu ilikwenda mahali panapostahili. Jibu langu ni ndiyo, ila ni ndiyo yenye masharti, na masharti hayo karibu yote yanahusu bahari. Mwenye gari simtaji jina, kwa kuwa sehemu ya nitakayoyasema ni malalamiko na sisi tumeshamalizana naye.

Neno karavani linaweza kumpa msomaji picha ya nyumba ya magurudumu inayokokotwa nyuma ya gari, kama zile za Ulaya na Afrika Kusini. Hii siyo hiyo. Ni Toyota Hiace ya paa refu, ya diseli, ambayo fundi seremala ameitoa viti vya nyuma na kuacha safu moja, kisha akajenga kitanda cha mbao ambacho mchana ni benchi lenye masanduku chini yake na usiku huvutwa kikawa kitanda cha kulala watu wawili wazima na mtoto mmoja. Juu ya paa limefungwa hema linalofunguka kama kitabu, na humo ndimo mume wangu na kijana wetu walimolala. Mlango wa nyuma unafunguka kuelekea juu na kuwa kibanda kidogo, na chini yake inavutwa droo ndefu yenye jiko la gesi la plate mbili, mtungi mdogo, sufuria tatu na kibao cha kukatia. Kuna friji ya lita 40, betri ya pili inayochajiwa na sola iliyo juu ya paa, tanki la maji la lita 60 lenye bomba dogo, feni mbili, na choo cha kubebeka ambacho mama mkwe alikiangalia mara moja tu na kusema kwamba yeye ataomba hodi kwenye nyumba za watu.

Kazi ya seremala inastahili sifa. Kwa siku saba za kutikiswa hakuna droo iliyofunguka yenyewe njiani, hakuna bawaba iliyolia, na godoro, ingawa ni la inchi nne tu, halikutuachia maumivu ya mgongo. Mwenye gari alitukabidhi pia karatasi nne zilizopigwa chapa vizuri, zinazoeleza jinsi ya kuwasha friji, jinsi ya kufunga hema, jinsi ya kumwaga choo na saa ngapi betri hudumu ikiwa feni zote zinafanya kazi. Nilizisoma zote usiku wa kuamkia safari na nikaridhika kwamba tumempata mtu makini. Kitu ambacho hakikuwamo katika karatasi zile nne, wala katika maelezo yake ya mdomo ya karibu saa nzima, ni habari yoyote ya maji kujaa na kupwa. Kwa gari linalotangazwa kwa picha likiwa limesimama ufukweni huku mawimbi yakigusa tairi zake, upungufu huo si mdogo, kama tulivyokuja kuona.

Tulianzia Msimbati. Kutoka Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 40, na njia inapita Madimba, kwenye mitambo ya kusafisha gesi asilia inayosafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Kijana wetu aliuliza kama gesi ya jiko letu inatoka hapo, na ilibidi aelezwe kwamba iliyomo ndani ya mtungi ni gesi ya aina nyingine, inayoletwa kwa meli kutoka nje, na kwamba tumeipitisha juu ya visima vyetu wenyewe kwenda kuchemshia chai. Msimbati ipo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo mgeni hulipa kiingilio. Mwenye gari hakutuambia hilo pia, na fedha hiyo haimo katika bei yake.

Ufukwe wenyewe sina namna ya kuusifu bila kuonekana nimetumwa. Ni mrefu, mchanga wake ni mweupe kwa juu na wa kijivu kwa chini palipolowa, na tulipofika hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu na wanawake waliotoka kutanda, yaani kuvua samaki wadogo kwa nguo. Watu wengi husimulia kwamba Msimbati gari hutembea juu ya mchanga. Ni kweli, lakini ni kweli kwa saa fulani na kwa sehemu fulani tu. Mchanga uliolowa na kukandamizwa na maji unashika gari hata lisilo la magurudumu manne. Ule mkavu wa juu, karibu na mivinje, ni kama unga. Hiace yetu inasukumwa na tairi za nyuma peke yake, na ikiwa na watu watano, lita 60 za maji, kitanda cha mbao ngumu na hema juu, ni nzito kuliko inavyoonekana. Tuliegesha mahali ambapo picha ya tangazo ilitufundisha kuegesha, yaani pale ambapo mchanga ni mgumu na bahari iko mbele ya mlango.

Usiku wa kwanza ulipita salama, na kwa sababu ulipita salama tukajiona wajuzi. Siku ya pili, tarehe 8, jua likikaribia kuzama, alipita mzee mmoja mwenye kasia begani.

"Shikamoo, mzee," mume wangu alimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hili gari linalala hapa?"

"Ndiyo, mzee, tuna usiku mmoja mwingine."

"Basi na bahari leo inalala hapo hapo."

Mume wangu alicheka, akidhani ni utani wa kawaida wa watu wa pwani kwa watu wa bara. Mama mkwe hakucheka. Alishuka, akatembea hatua chache nyuma ya gari, akainama na kuokota kipande cha mwani mkavu, mweusi, kilichokatikia vidoleni mwake. Alituonyesha kwamba ufukweni palikuwa na mistari miwili ya mwani: mmoja chini yetu, bado una unyevu, ulioachwa na maji ya jioni ile, na mwingine juu yetu, mkavu kabisa, umeshikana na majani ya kwanza ya nchi kavu. Gari letu lilikuwa katikati ya mistari hiyo miwili. "Huu wa chini ni wa leo," alisema. "Huu wa juu ni wa bamvua lililopita. Mwezi kesho ni mpevu, mwanangu. Maji yatarudi kuuchukua mstari wake."

Kwa wasomaji wa bara nieleze kidogo, maana sisi tulilipia somo hili. Mwezi unapokuwa mpevu na unapoandama, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Katikati ya vipindi hivyo huwa ni maji mafu, yanayopanda kidogo na kushuka kidogo. Kwenye pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita tatu, na kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo kama wa Msimbati mita tatu za kimo ni mwendo mrefu wa mchanga. Jambo jingine ambalo mtu wa pwani analijua bila kutazama saa ni kwamba siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo maana wanawake wa kutanda hushuka asubuhi jua likiwa limepanda, na ndiyo maana mtu aliyelala ndani ya karavani hufikiwa na maji katika saa ile ambayo usingizi ni mtamu kuliko zote.

Tuliamua kuhama hapo hapo, giza likiingia. Hapo ndipo upungufu wa pili wa gari ulipojitokeza, kwa sababu kutoka mchanga mgumu kwenda juu ni lazima kuuvuka mchanga mkavu, na kwenye mchanga mkavu tairi za nyuma zilizunguka mara mbili na kujichimbia kaburi. Ndani ya gari mlikuwa na jeki ambayo ilizama mchangani badala ya kuinua, spana ya tairi, na fagio zuri la kufagilia zulia. Hapakuwa na sepetu, hapakuwa na mbao za kuweka chini ya tairi, hapakuwa na kipimo cha upepo wala pampu. Yule mzee alirudi na vijana wanne bila kuitwa. Walitoa upepo kwenye tairi mpaka zikabonyea chini kama maandazi, wakachimba kwa mikono na kwa sufuria yetu kubwa, wakapanga makuti mbele ya kila tairi, wakatuamuru kumwaga maji yote ya tanki ili gari liwe jepesi. Jambo la kumwaga maji mimi nisingelifikiria mpaka leo. Kisha walisukuma, na gari likapanda hadi chini ya mivinje.

Vijana tuliwapa walichostahili, na mzee alikubali sukari na majani ya chai tu. Asubuhi ya tarehe 9 nilishuka kutazama. Mahali tulipokuwa tumeegesha palikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Alama za tairi, shimo tulilochimba, hata makuti, vyote havikuwepo. Povu lilikuwa limekaukia kwenye mstari ule wa juu wa mwani. Sidhani kama maji yangelichukua gari, lakini yangefika kwenye mlango, na droo ya jiko iko chini kuliko mlango.

Kujaza tairi kulichukua asubuhi nzima, kwa pampu ya mguu ya fundi wa bodaboda kijijini, ambaye alisimama kupumzika mara nyingi na kila mara alilitazama gari letu kwa huruma. Kwa sababu hiyo hatukuweza kwenda Ruvula, ambako nilitamani sana kufika, na ambako njia yake ni ya mchanga vilevile.

Kabla sijaondoka Msimbati niseme juu ya jiko, kwa kuwa ndilo lililonifurahisha na kunikera kwa kiasi sawa. Agosti ni wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na kusi huvuma mchana kutwa. Mlango wa nyuma ukifunguliwa kuelekea upepo, moto wa plate zote mbili hulala na kuzimika, na mchanga huingia kwenye wali kabla haujaiva. Siku ya kwanza nilipika nikiwa nimezungushia kanga mbili kama mtu anayeogea uani. Mama mkwe, ambaye baba yake alikuwa mtu wa vyombo vya baharini, alituuliza kwa nini tunaegesha kwa tezi, yaani nyuma ikikabili upepo. Alitaka gari lisimame kama jahazi kwenye nanga, omo, yaani mbele, likabili upepo na tezi liwe kwenye kivuli chake. Tulipogeuza pua ya gari kusini, jiko likatulia, na tangu siku hiyo nilipika pweza wa nazi, ugali wa muhogo na chai ya asubuhi kwa moto usiotikisika. Sentensi moja katika karatasi zile nne ingetosha. Hata hivyo kupika hatua kumi kutoka kwenye mtumbwi uliokuuzia samaki ni raha ambayo nyumba ya wageni haiwezi kuitoa, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukodi gari la namna hii.

Mikindani tulilala usiku mmoja, karibu na ghuba. Kwa karavani ni mahali rahisi kuliko pote katika safari hii: lami inapita pale pale, mji wa Mtwara uko umbali wa kama kilomita kumi, na ghuba yenyewe imefungwa hata kusi huifikia likiwa limechoka. Si ufukwe wa kuogelea wakati wa maji kupwa, kwani tope na mikoko hutokeza. Tuliwapandisha watoto hadi Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, na mama mkwe alituonyesha nyumba za zamani zenye vibaraza, akisimama kwenye kila mlango wa tatu kumsalimia mtu. Asubuhi, tukiwa tumesimama kando ya barabara kusubiri aage, akina mama wawili wenye vikapu walifungua mlango wa pembeni na kuuliza kama bado kuna nafasi ya Mtwara. Mmoja alikiona kitanda, akaurudisha mlango taratibu na kuomba radhi. Tuliwaambia gari hili ni karavani. Mama mkwe, alipoingia, alisema kwamba yeye anajua msafara, na msafara ni watu.

Kutoka Mikindani kwenda Lindi ni barabara ya lami na mwendo wa chini ya kilomita mia moja, kupitia njia panda ya Mnazi Mmoja ambako barabara ya Masasi inachepuka. Barabarani gari hili ni jema. Lina uzito mwingi juu kwa sababu ya hema, kwa hiyo kwenye kona na kwenye upepo wa ubavu mume wangu hakuzidisha kilomita 70 kwa saa, na kwa mwendo huo linatumia mafuta kidogo kuliko nilivyohofia. Ming'oko ya kuchemsha tuliyoinunua njiani iliisha kabla ya Mingoyo.

Lindi ndipo gari liliponiangusha kama nyumba. Tuliegesha kwenye uwanja wa nyumba moja ya wageni iliyo karibu na bahari, kwa ruhusa na kwa malipo madogo, kwa kuwa ufukwe wa mjini ni wa watu kupita na si mahali pa kulaza watoto. Mandhari ni ya kupendeza: ghuba imetanda mbele, ng'ambo unaiona Kitunda, kivuko na mitumbwi vinapishana, na jioni rangi ya maji hubadilika pale Mto Lukuledi unapoingia. Lakini uwanja ule ulikuwa umezungukwa na ukuta, upepo haukuingia, na ndipo tulipogundua kwamba kati ya vioo vya Hiace vinavyofunguka ni viwili tu, vyote vya mbele. Vya nyuma, kitandani kulipo, vimezibwa na makabati. Feni zilizunguka hewa ile ile ya joto mpaka saa nane usiku betri ikakata, kwa sababu mchana tulikuwa tumeegesha kivulini na sola haikupata jua. Ukifungua mlango unaingiza mbu. Chandarua kilichowekwa mlangoni kinashikwa na sumaku, na sumaku tatu kati ya nane zilikuwa zimeshang'oka. Walio juu hemani walilala kama wafalme. Sisi watatu wa chini tulihesabu adhana.

Kama mwenye gari angekata dirisha moja tu kila ubavu na kuliwekea wavu, ningeongeza sifa zote nilizozitoa kwa seremala wake mara mbili. Na kama hili ni la joto kiasi hiki mwezi wa Agosti, sitamshauri mtu mwenye mtoto mchanga kulichukua wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ambapo usiku wa pwani hausaidiwi na chochote.

Siku iliyofuata tulikwenda Kilwa Masoko, tukiiacha barabara kuu Nangurukuru. Hapa pia tuliegesha kwenye uwanja wa watu, safari hii ulio wazi kuelekea bahari ya Jimbiza, wenye minazi, bomba la maji na soketi ya umeme, na kwa hiyo friji, feni na simu zote zilishiba. Ndizo siku mbili bora za safari. Asubuhi maji yamepwa, watoto walitembea mpaka kwenye miamba na kurudi na kombe. Jioni yamejaa, wanaogelea mbele ya mlango. Mchanga ule sikuutia tairi hata inchi moja, na wala sikuona nilichokosa.

Siku ya pili tulivuka kwenda Kilwa Kisiwani kwa mashua, baada ya kuchukua kibali na mtembezaji pale Masoko. Kusi lilikuwa linarusha maji na kijana wetu alilowa hadi kofia, ila mwendo ni mfupi, na ngome ya Gereza huonekana muda mrefu kabla ya kufika. Magofu yale, pamoja na ya Songo Mnara, yapo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na Ibn Battuta aliuona mji ule ukiwa hai mwaka 1331. Ndani ya Msikiti Mkuu palikuwa na ubaridi ambao karavani yetu haikuwa nao usiku wowote. Ushauri wangu kwa wenye magari haya ni kwamba Kilwa lazima uwe na mahali pa kuliacha gari lenye mlinzi, kwa kuwa siku nzima hutakuwepo na ndani mna kila kitu ulicho nacho. Kufuli la mlango wa nyuma la gari letu lilikuwa la kabati.

Wapo watakaouliza kama ni afadhali kuja na gari kama hili kutoka Dar es Salaam. Lami ipo, na tangu Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 hakuna tena kusubiri pantoni. Tatizo ni masika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii upande wa Kilwa na magari yakakwama pande zote mbili, na gari la kulala, lenye uzito juu na magurudumu mawili ya kusukuma, si la kuliingiza kwenye matope ya mchepuko. Juni hadi Oktoba ndio wakati wake, kwa mvua na kwa joto.

Sasa fedha. Tulilipa shilingi 150,000 kwa usiku, diseli juu yetu, na tukaweka amana ya shilingi 300,000. Ukiweka pembeni kiingilio cha hifadhi na malipo ya viwanja, usiku sita ulitugharimu chini kidogo ya ambavyo tungetumia kwa kukodi gari la kawaida na vyumba viwili vya nyumba ya wageni yenye hadhi, kwa watu watano. Kwa watu wawili hesabu hiyo haitoki. Wawili watapata chumba kizuri, kitanda kipana na dirisha kwa fedha pungufu. Familia yenye watoto wanaojua kufunga hema, na yenye mtu mmoja anayezijua saa za maji, itapata thamani yake. Mwenye gari ni mtu wa ahadi: gari lilikuwa safi, limejazwa gesi na maji, saa aliyosema ndiyo saa aliyokuja, na siku tulipopiga simu kuuliza habari ya betri alipokea usiku wa manane bila kunung'unika. Hayo si madogo katika biashara ya kukodisha.

Ugomvi wetu ulikuja siku ya kurudisha. Alilizunguka gari, akapitisha kidole chini ya ukingo wa mlango, akakilamba, na kusema kwamba limeingia chumvi na litahitaji kuoshwa chini kwa maji baridi, kazi ya shilingi 80,000 itakayokatwa kwenye amana. Kuhusu chumvi alikuwa na haki. Kutu huanza na uvivu wa siku mbili, na mkodishaji yeyote wa pwani lazima aoshe. Lakini mkataba tuliotia saini haukuwa na neno lolote la kukataza ufukwe, wala gharama ya kuosha, na nilimfungulia kwenye simu tangazo lake mwenyewe, gari hilo hilo likiwa limesimama mchangani na wimbi limefika kwenye rimu. Aliitazama picha kwa muda, akasema kwamba ilipigwa maji yakiwa yanapwa.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akisubiri bajaji, aliiomba simu, akaisogeza mbali na macho yake kama afanyavyo, na kumwonyesha kwamba mchanga uliokuwa nyuma ya gari ulikuwa mkavu na ule wa mbele ndio kwanza unalowa. "Hayo yanajaa, baba," alimwambia. Tulirudishiwa shilingi 40,000 kati ya zile 80,000, na akaahidi kuweka sepetu na pampu ndani ya gari. Nilipotazama jana, picha ile bado ipo kwenye tangazo.